Uso Umemjaa: Kisa cha Mzazi wa Siku ya Sita

Mzazi huyu nilimwona mara mbili siku moja. Asubuhi nilimpa dawa mseto nikamwambia apumzike. Jioni aliletwa kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na mama yake, kafungwa khanga kiunoni asidondoke. Katikati ya hapo alikuwa amekauka nyumbani, kama walivyosema wenyewe. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Mahali ni zahanati juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, mwezi Novemba, korosho zikiwa bado zinaokotwa. Mimi ndiye muuguzi mkunga niliyekuwa zamu, asubuhi na jioni.

Kadi yake

Miaka 21, mimba ya kwanza. Presha yake kliniki ilikwenda hivi: wiki ya 14, 104/62; wiki ya 24, 108/66; wiki ya 32, 116/74; wiki ya 37, 126/82. Mkojo haukuwa na protini hata mara moja. Wiki ya 36 aliugua malaria, akamaliza dozi ya mseto. Hilo la malaria likumbuke, maana ndilo lililonipoteza.

Alijifungua Ijumaa saa 10 alfajiri, salama, mtoto wa kike wa kilo 2.9. Hakuchanika, damu haikuzidi. Saa moja baadaye presha ilikuwa 128/84. Jumamosi asubuhi nilimkagua kabla ya kumruhusu: mji wa mimba umekaza vizuri, damu ya uzazi ya kawaida, joto nyuzi 36.8, mkojo anapata, maziwa yanaanza kushuka. Presha 132/86. Saa 4 wakaondoka.

Ukiitazama kadi hiyo utasema ni safi, na mimi nilisema hivyo. Kila namba iko chini ya 140/90, mstari tuliofundishwa kuuogopa. Tena presha ya mjamzito hushuka kidogo katikati ya mimba na kupanda tena anapokaribia kujifungua, kwa hiyo hata leo sisemi kwamba kule kupanda peke yake kulitakiwa kunishtua. Ninachosema ni kwamba namba ya chini ilitoka 62 ikafika 86, na baada ya 86 hakuna aliyemfunga tena mkanda wa presha kwa siku tano. Siku tano zenyewe ni zile ambazo presha ya mzazi kwa kawaida hufika kilele, kati ya siku ya tatu na ya sita, maji yaliyotuama mwilini wakati wa mimba yanaporudi kwenye mishipa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka mzazi akae kituoni angalau saa 24, kisha aonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Ile ya saa 48 hadi 72 kwetu mara nyingi hubaki kwenye karatasi. Mzazi wa kwanza hupelekwa kwa mama yake, na kwa mama yake huyu ni kitongojini, njia ya mchanga, na msimu wa korosho kila mwenye pikipiki yuko kwenye magunia. Zaidi ya hapo yuko ndani anakandwa. Mzazi anayekandwa hatoki hovyo.

Kilichomtoa ni chanjo. Chupa ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, ina dozi 20, na ikishafunguliwa inatupwa baada ya saa 6, kwa hiyo hatuifungui kwa ajili ya mtoto mmoja; tunawakusanya siku moja. Jumamosi nilimwambia amrudishe mtoto Alhamisi. Nilimpa tarehe ya mtoto. Ya kwake sikumpa.

Alhamisi asubuhi

Benchi lilikuwa na watoto 43. Mashine ya presha tunayo moja inayofanya kazi, na mwenzangu alikuwa nayo chumba cha kujifungulia na mama mwenye uchungu. Sijitetei, naeleza tu chumba kilivyokuwa. Hatua ishirini zilitenganisha benchi na ile mashine.

Zamu yake ilipofika nikampima mtoto uzito, nikamchoma BCG, nikampa matone ya polio. Mama akasema kichwa kinamuuma.

"Wapi?"

"Hapa mbele, dada, mpaka nyuma ya macho."

"Mtoto anakuacha ulale?"

"Halali huyu."

Hapo nikafunga faili kichwani mwangu. Ukiusoma mstari wangu wa pili utaona sikuwa nauliza, nilikuwa namwekea jibu mdomoni. Mzazi gani wa siku sita analala? Nikamchoma kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, mistari miwili ikatokea, nikampa vidonge 24 vya mseto, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Joto lake lilikuwa nyuzi 36.9. Niliandika namba hiyo kwa mkono wangu na haikuniambia kitu.

Tuongee kidogo kuhusu mistari ile miwili. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na sisi tumezoea: kichwa, kipimo, mistari, mseto, mwingine aje. Lakini kipimo hiki hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini anayoiacha kwenye damu. Mdudu akifa leo, protini yake inaweza kubaki wiki kadhaa. Mama huyu alikuwa amemaliza dozi wiki tatu tu nyuma. Hana homa, hatetemeki, hatapiki. Mistari miwili kwa mtu kama huyo yaweza kuwa kivuli cha malaria iliyokwisha. Na hata angekuwa na wadudu wabichi kabisa, mtu anaweza kuwa na malaria na presha kwa pamoja. Jibu la kipimo kimoja haliondoi haja ya kingine, ila likija mapema linakupa ule utulivu wa mtu aliyekwisha kujua.

Kuna jambo jingine, nalo ni la lugha. Presha ya uzazi inapofikia degedege tunaiita *kifafa cha mimba*. Mimba imekwisha, mtoto yuko mgongoni, nani atakumbuka kifafa chake? Hata darasani tuliambiwa dawa yake ni kujifungua. Ni kweli, ila dawa hiyo haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Visa vingi huja kabla ya kujifungua, wakati wa uchungu, au ndani ya saa 48 za mwanzo, lakini vingine huja baada ya hapo, mpaka wiki ya sita. Na humpata hata aliyekuwa na presha nzuri mimba nzima.

Alhamisi jioni

Walifika saa 12 na robo. Nilimwamkia bibi shikamoo kwa mazoea. Akaitikia marahaba huku ananivuta mkono.

"Mwanangu, huyu amekauka."

"Amekauka vipi, bibi?"

Hakunieleza, alinionyesha. Aliuweka mkono wake mezani, akaukaza mpaka mishipa ikasimama, kisha akaupiga mezani haraka haraka, tap tap tap, macho ameyageuzia dari. Dada mdogo aliyekuja kwa pikipiki ya pili akasema ni mashetani ya upande wa baba. Bibi akamwambia anyamaze.

"Ilichukua muda gani?"

"Nilisoma Ayatul Kursiyu mara mbili. Kabla sijaanza ya tatu akalegea, akakoroma."

Sijawahi kupata maelezo ya muda mazuri kuliko hayo kutoka kwa ndugu wa mgonjwa. Wengi husema "muda mrefu sana". Ayatul Kursiyu mbili kwa kasi ya mtu aliyeshtuka ni kama dakika moja na kidogo, na hicho ndicho kipimo cha kifafa cha mimba.

Mgonjwa alikuwa macho, anajibu, ila kama mtu aliyeamshwa katikati ya usiku. Alisema anaona vinyota, na chembe cha moyo kinamuuma. Bibi alidhani ni uji wa pilipili manga. Nilimlaza ubavu, nikamfunga mkanda: 172/114. Nikangoja, nikapima mkono ule ule: 168/112. Nilimgonga chini ya goti kwa ukingo wa kiganja, mguu ukaruka kama umechomwa. Nikamwekea mpira wa mkojo, kwa sababu mbili. Nilihitaji kujua mkojo unatoka kiasi gani, na mkojo wa mzazi ukiuchukua kwa kikombe unachanganyika na damu ya uzazi, kipimo kitasoma protini hata kama figo hazina neno. Ule wa mpira, safi, ulisoma 3+, yaani protini nyingi.

Nilifikiria nini kingine? Shingo ilipinda bila shida na joto halikuwapo, kwa hiyo homa ya uti wa mgongo niliiweka mbali. Hakuchomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo si kile kichwa cha waliopasuliwa ambacho hupungua ukilala. Damu kuganda kwenye mishipa ya ubongo humpata mzazi pia na huanza hivi hivi, na zahanati haina namna ya kuiondoa kwenye orodha. Hospitali ndiyo ingeamua. Ila presha ile, na degedege lile, havikutaka ningoje orodha.

Magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, ninayoitunza ni ya asilimia 50, kila kichupa mililita 10 chenye gramu 5. Dozi ya kuanzia ni gramu 14, yaani vichupa vitatu na unabakisha kidogo. Gramu 4 kwenye mshipa: unavuta mililita 8, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unasukuma taratibu, si chini ya dakika 5. Nilimwambia mapema utasikia joto mwili mzima, usiogope, kwa sababu wasiopewa habari huruka kitandani. Kisha gramu 5 kila tako, ndani kabisa, na lignokaini ya ganzi mililita 1 humo humo, maana sindano ile inauma. Kabatini tulikuwa na vichupa vinne. Kalsiamu glukoneti gramu 1 niliiweka kwenye trei kando ya kitanda, ndiyo kinga pumzi ikizorota. Kwa presha, nifedipine miligramu 10, ameze. Baada ya nusu saa presha ilikuwa 154/102. Hapo nilivuta pumzi yangu mwenyewe.

Mwenzangu alikuwa amekwisha kupiga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na wazazi, wakati mimi nafunga mkanda. Gari lilifika baada ya dakika 50. Katika dakika hizo 50 palikuwa na mambo mawili. La kwanza, mjomba. Kwetu ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na mjomba bado ana neno. Mume alikuwa kwenye chama cha msingi na korosho zake na simu haipatikani. Bibi alimpigia mjomba, na mjomba akauliza kama hospitali watampasua. Nikachukua simu nikamwambia hapasuliwi, anapelekwa kulindwa ubongo. Akasema basi nendeni. La pili, mtoto aliamka akalia, na bibi akamweka titini mama akiwa vile vile amelala ubavu, mimi nashika kidevu cha mtoto kwa mkono mmoja na kuhesabu pumzi za mama kwa mwingine. Pumzi 18 kwa dakika. Dawa hizi hazimzuii kunyonyesha.

Kwenye barua ya rufaa niliandika saa kamili ya kila sindano, kwa sababu dozi inayofuata ni baada ya saa 4, na haitolewi kama pumzi ziko chini ya 16, au goti haliruki kabisa, au mkojo uko chini ya mililita 30 kwa saa. Anayepokea mgonjwa bila saa hizo anabaki kubahatisha.

Aliyoyajua bibi

Hospitali hakupata degedege la pili. Walimwendeleza na magnesiamu mpaka saa 24 zikatimia, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa zimeshuka kidogo zikapanda zenyewe, figo salama. Alilala siku nne. Niliwafuata Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nikakaa na bibi nje ya wodi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilitaka nimweleze kilichotokea. Ikawa yeye ndiye aliyenieleza.

Kwa kumkanda, alikuwa akimwona mwanawe mwili mzima kila siku asubuhi na jioni. Jumatatu, mzazi akiinamia beseni, alisema kichwa kinagonga. Jumanne pete yake ya fedha ilikataa kutoka, wakaitoa kwa sabuni. Bibi alinionyesha alama kwenye kidole chake mwenyewe, ilikaa hapa. Jumatano uso ulijaa. Majirani waliokuja kumtazama mtoto walisema mzazi amependeza, uzazi umemkubali, na bibi alifurahi maana ni sifa yake yeye anayepika na kukanda. Siku hiyo hiyo aliona binti anakwenda haja ndogo mara mbili tu kutwa. Usiku akasema, mama, naona nyota humu ndani.

Kila kitu kilikuwa kwenye mikono ya mtu mmoja, kwa mpangilio, na siku. Mimi nilikuwa na nusu nyingine: 62, 66, 74, 82, 84, 86. Nusu mbili hizo hazikuwahi kukaa kwenye chumba kimoja. Alhamisi asubuhi bibi alikuwa amekaa nje chini ya mkorosho na beseni la nguo za mtoto, hatua chache kutoka mezani kwangu, na sikumwita.

Ndiyo, dalili za hatari niliwasomea Jumamosi ya ruhusa. Nilizisoma zote, damu nyingi, homa, usaha, kichwa, macho, mguu kuvimba upande mmoja, nikazisoma kama wimbo wa mchakamchaka kwa msichana ambaye hajalala siku mbili, huku bibi amekwenda kutafuta bodaboda. Nilitimiza kisanduku cha fomu.

Wapo wenzangu wanaopiga vita kukanda moja kwa moja. Nami nimewaona waliobabuka tumbo kwa maji ya moto, na aliyepasuliwa asiguswe kabisa na maji hayo. Lakini maji ya kukanda hayakumpa mama huyu presha, na nikimfukuza mkandaji namfukuza mtu pekee anayemkagua mzazi kila siku kwa arobaini nzima. Juu ya uwanda huu, ambako maji hubebwa kwa madumu, bibi aliyachota, akayachemsha na kumkanda mwanawe mara mbili kwa siku. Mimi nilimpa dakika tatu.

Bibi aliniuliza swali moja: presha si ya watu wanene na wenye mawazo? Shangazi wa mgonjwa alikwisha kutoa hukumu kwamba ni mawazo ya mume. Nikamwambia hii ya uzazi haimuulizi mtu ana mawazo gani, na humpenda zaidi mwenye mimba ya kwanza. Alicheka kidogo. "Basi mkwe wangu amepona."

Kilichofuata

Alirudi kwangu siku ya 12, yuko kwenye nifedipine, 138/88. Wiki ya sita ilikuwa 118/76 bila dawa, mkojo safi, akachagua kijiti cha kupanga uzazi. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili havikumfaa mtu anayenyonyesha na aliyetoka kwenye presha. Kwenye kadi niliandika kwa wino mwekundu: mimba ijayo aanze kliniki mapema, aspirini miligramu 75 tangu wiki ya 12, na kalsiamu. Nilimwambia pia kwamba aliyepita hapa ana hatari zaidi ya presha ukubwani, apime angalau kila mwaka.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi nchini vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015/16. Nafurahi. Ila mama huyu hayumo kwenye namba yoyote kati ya hizo, kwa sababu hakufa, na kwa hesabu hiyo asubuhi yangu ya Alhamisi ni asubuhi nzuri.

Sasa mashine ya presha inalala kwenye meza ya chanjo, na chumba cha kujifungulia ndicho kinachokuja kuiazima. Kila anayempakata mtoto wa chini ya siku 42 anafungwa mkanda kabla mtoto hajapimwa uzito, kwa sababu akishachomwa sindano mtoto atalia na mama atataka kuondoka. Mkono huwekwa mezani, mguu haukunjwi juu ya mwingine, anakaa kimya dakika chache. Wanasema ndio mapumziko yao ya siku. Na simruhusu mzazi mpaka atakayemkanda aingie ndani akae. Simsomei wimbo. Namuuliza yeye: pete ikikataa kutoka utafanyaje? Akisema nyota?

Mwezi wa nne bibi alikuja Alhamisi, hana mtoto wa chanjo. Alikuwa amemshika mkono binti wa jirani, mzazi wa siku ya tisa, mnono, amejitanda khanga mpya, ana aibu.

"Uso umemjaa huyu," bibi alisema. "Mpime."

Nikampima mara mbili. 112/70. Pete ilizunguka kidoleni bila taabu, kichwa hakimuumi, mkojo safi.

"Amenenepa tu, bibi."

Bibi alimtazama binti upande mmoja, akamtazama na wa pili. "Haya," akasema. "Lakini Alhamisi tutakuja tena."